Baada ya mtoto kulia

Julai ya mwaka 2006 ilikuwa na ile baridi ya mlimani ambayo watu wa Moshi mjini wanaisikia kwa jina tu. Kituo cha afya nilichokuwa nafanya kazi kiko juu, katikati ya migomba, na ukifika kwa gari huku likiunguruma kwa gia ya kwanza, watu wote wanajua kuna mgeni. Usiku huo nilikuwa zamu na mhudumu mmoja. Saa tatu akaletwa mama wa uzazi wa kwanza, njia imefunguka sentimita saba, uchungu unakuja juu kwa juu bila kumpa hata nafasi ya kumeza mate. Nikamuuliza kama kuna dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu alikunywa nyumbani. Mama mkwe wake akamuwahi: “Chai ya rangi tu, mwanangu.” Sikuuliza tena.

Nilipaswa kuuliza tena. Kati ya uchungu mmoja na mwingine ndipo damu inapita vizuri kwenye kondo na mtoto anapata hewa yake. Uchungu usipopumzika, mtoto yuko kama mtu anayezamishwa kichwa mtoni: akiinuliwa kidogo, hajavuta pumzi, anazamishwa tena. Mapigo ya moyo wake yanatakiwa yawe kati ya 110 na 160 kwa dakika, mimi nisikilize kila nusu saa, na mama akianza kusukuma nisikilize kila baada ya dakika tano. Hayo najua leo na usiku ule pia nilikuwa nayajua. Nilisikiliza mara tatu. Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, niliijaza baada ya mtoto kutoka, naweka nukta kwa kukumbuka. Waliowahi kufanya kazi leba wanaelewa ninachosema, hata wasipopenda kukiri.

Chupa ilipopasuka maji yalikuwa ya kijani, mazito, dalili kwamba mtoto ameshajisaidia tumboni. Mama alisukuma zaidi ya saa moja. Nikamwambia yale maneno ambayo wakunga wengi wa umri wangu tumeyasema na ambayo leo nayaonea haya: “Sukuma, unamuua mtoto!”

Mtoto wa kiume akatoka saa tisa na robo usiku, amepauka, amelegea kama kitambaa kilicholowa, kimya. Tukamning'iniza miguu juu. Tukampiga vikofi vya nyayo na vya mgongo, tukamvuta ute mdomoni na puani, tena na tena. Ndivyo nilivyofundishwa na walionitangulia, nao walikuwa wanawake wenye upendo. Ambu, ule mfuko wa kumpumulishia mtoto, ilikuwa kabatini, kabati limefungwa kwa kufuli, ufunguo uko mfukoni mwa koti, na koti nilikuwa nimelivua kwa sababu ya jasho. Mpaka barakoa inagusa uso wa yule mtoto zilikuwa zimepita dakika ambazo sikuzihesabu. Kwenye faili niliandika mbili.

Akalia. Kilio chenyewe kilikuwa chembamba, cha juu, kama cha paka mchanga. Leo kilio cha namna ile kingenisimamisha nywele, lakini usiku ule sisi tulisikia kilio tu. Nje bibi akapiga kigelegele kimoja, akanyamaza kwa kukumbuka wagonjwa waliolala. Nikaandika Apgar, zile alama za hali ya mtoto: 5 dakika ya kwanza na 8 dakika ya tano. Kipimo kile alikibuni daktari wa Marekani, Virginia Apgar, mwaka 1952: rangi, mapigo, kushtuka, kukaza viungo, kupumua, kila kimoja alama 0 mpaka 2. Ni kipimo kizuri sana kikijazwa kwa kumwangalia mtoto. Mimi nilikijaza kwa kuangalia saa ya ukutani, nikimwonea huruma mama yake na kujionea huruma mwenyewe.

Halafu nikamfunika mtoto khanga mbili na blanketi mbili, nikamlaza karibu na hita, nikaenda kunywa chai.

Nikiulizwa kosa langu liko wapi katika usiku ule, wengi wanadhani nitataja kufuli. Kufuli ni kosa, ndiyo, na kusikiliza mara tatu ni kosa kubwa zaidi. Lakini kilichonikaa rohoni ni ile chai. Niliinywa kwa amani.

Kabla ya saa moja asubuhi mama alinambia mtoto hataki ziwa. Nikasema amechoka, naye kasafiri. Alikuwa anatafunatafuna midomo na kukodoa macho upande mmoja, miguu inachezacheza kama anaendesha baiskeli. Bibi akamtazama, akatabasamu: “Anacheza na malaika.” Nami nikatabasamu. Saa moja na nusu nikakabidhi zamu, na ripoti yangu ilikuwa sentensi moja: mtoto alichelewa kulia kidogo, sasa yuko vizuri.

Niliporudi usiku kitanda kilikuwa na mzazi mwingine. Saa nane mchana degedege lilikuwa limemkaza mtoto mwili mzima, wakakodi Noah, wakamshusha mjini.

Siku ya tatu nikashuka kwenda kumwona. Nilitegemea kugombezwa. Daktari wa watoto niliyemkuta alikuwa mtu mzima, Mchaga wa Uru, naye hakunigombeza. Aliniuliza kama nimewahi kuona jiko la nyumbani likiungua. Nikasema nimeona, la kwetu liliungua nikiwa darasa la nne. Akasema: mnamwaga maji, moto unazimika, majirani wanarudi kulala. Halafu saa kumi alfajiri paa linawaka upya. Kwa nini? Nikajibu kwamba kuna kaa lilijificha kwenye nyasi. Akasema, ubongo wa mtoto huyu ndivyo ulivyo.

Tangu siku hiyo nimeyasoma na kuyasikia kwa maneno mengi ya kitaalamu, na sijapata kuelezwa vizuri zaidi ya hapo. Hewa ikikosekana, chembe za ubongo zinaishiwa nguvu, nyingine zinakufa palepale. Mtoto akianza kupumua, damu na oksijeni vinarudi, na chembe nyingi zilizokuwa zimezimia zinainuka kidogo. Kinafuata kipindi cha utulivu, kwa kawaida kama masaa sita, ambapo mtoto anaweza kuonekana wa kawaida kabisa. Ndani, lakini, mitambo ile midogo inayotengeneza nguvu za chembe inaendelea kuharibika. Baada ya hapo nguvu inaanguka mara ya pili, ubongo unavimba, degedege linaanza, na chembe ambazo zingeweza kuishi zinakufa kwa siku kadhaa. Kwa hiyo jeraha linalosababishwa na dakika chache linamalizika siku mbili tatu baadaye. Katikati pana nafasi ya kufanya kitu, nayo niliipitisha na kikombe mkononi.

Kiswahili chetu hapa kinachanganya kidogo, maana ukimwambia nesi mgeni “saa sita” anaweza kutazama ukutani akitafuta usiku wa manane. Kwa hiyo mimi husema masaa sita, walimu wa lugha wanisamehe.

Mwaka 2010 nilikutana na yule mama Soko la Mbuyuni. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni kwa kitenge, mtoto wa miaka minne, kichwa kimelala begani, miguu imekaza na kupishana kama mkasi. Mtindio wa ubongo. Nilimtambua yeye kabla hajanitambua, na nakiri niliwaza kupita upande wa wauza dagaa. Akaniita. “Shikamoo, sista.” Tukasalimiana, akanionyesha mtoto, nikamshika mkono wake mdogo uliofumba ngumi. Mama akasema wakwe zake wanamwambia alimbana mtoto kwa mapaja wakati wa kujifungua. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza bei ya kitu anachojua hawezi kukinunua:

“Sista, lakini si alilia?”

Nilimwambia hakumbana mtu. Nilimwambia uchungu ulikuja kwa nguvu sana na mtoto akakosa hewa muda mrefu, na kwamba hayo yangeweza kumpata mwanamke yeyote. Kuhusu kufuli sikumwambia siku hiyo. Nilimwambia mwaka uliofuata, nyumbani kwake, baada ya kunywa mtori wake na kukosa pa kuficha uso. Hakunijibu. Aliinuka akampindua mtoto upande wa pili, asichubuke, akarudi kukaa.

Mwaka 2012 tukapelekwa mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua, yale yaliyoenea nchini baada ya majaribio katika hospitali nane za Tanzania. Tulikuwa tunafanyia mdoli anayejazwa maji mpaka anakuwa na uzito kama wa mtoto kweli, kama kilo mbili, shingo inalegea hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipoambiwa kwamba makofi na kuning'iniza hayamwamshi mtoto, na kwamba kumvuta ute ovyo kunaweza hata kupunguza mapigo ya moyo wake. Mkaushe, msugue mgongo, asipopumua shika ambu, na yote hayo ndani ya dakika moja ya kwanza. Hewa ya kawaida ya chumbani inatosha kwa mtoto aliyetimiza miezi, hata kama mtungi wa oksijeni umekwisha. “Pumua, mbili, tatu. Pumua, mbili, tatu.” Mara 40 mpaka 60 kwa dakika, usipitilize, kwa sababu kumpumulisha mbio kunamtoa mtoto hewa chafu kupita kiasi na mishipa ya damu ya ubongo inabana. Mimi siku ile ya 2006 nilikuwa napampu kama mtu anayejaza tairi la baiskeli.

Matokeo ya zile hospitali nane yalitangazwa 2013: vifo vya watoto ndani ya masaa 24 ya kwanza vilikuwa vimepungua kwa asilimia 47. Na majirani zetu wa Haydom, mkoani Manyara, walikuwa wamekaa leba na saa mkononi wakahesabu kitu ambacho sisi wengine tulikuwa tunakikadiria: kila nusu dakika unayochelewa kuanza kumpumulisha mtoto, hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu inaongezeka kwa asilimia 16. Niliposoma hilo nilikwenda nikang'oa bawaba ya lile kabati kwa bisibisi. Msimamizi alinidai, nikalipa.

Na bado mafunzo yale, kwa uzuri wake wote, yalikuwa na mwisho uleule nilioufahamu. Mdoli akilia tunapiga makofi. Nilimuuliza mwalimu: na masaa yanayofuata? Akasema hilo lina siku yake. Ile siku sikuiona. Tukajifundisha wenyewe, kwa kumpigia simu yule daktari wa mjini mpaka akazoea namba yangu.

Kuna jambo watu huniuliza, hasa vijana waliosoma mtandaoni: kwa nini hamwapozi watoto? Kwa nchi tajiri hiyo ndiyo tiba. Mtoto aliyekosa hewa anashushwa joto la mwili mpaka nyuzi 33 au 34, kuanzia kabla masaa sita hayajaisha, anakaa hivyo masaa 72, kisha anapashwa pole pole, nusu nyuzi kwa saa. Ubaridi unapunguza mwendo wa ule uharibifu wa pili. Kwa kila watoto kama saba wanaopozwa, mmoja anaokolewa na kifo au ulemavu mkubwa, na kwa ubongo hiyo si idadi ndogo. Daktari mmoja kijana alikuja kwetu na habari hiyo akiwa na moto wa ujana, akataka tujaze chupa maji ya mfereji, maana ya mlimani ni baridi yenyewe. Nilishawishika. Kwa nini watoto wa London wapozwe, wetu wakae?

Tulisita kwa sababu hatukuwa na mashine hata moja ya kumwangalia mtoto aliyepozwa, na ninashukuru kwa umaskini ule. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti wa HELIX, uliofanywa India, Sri Lanka na Bangladesh kwa watoto 408, tena katika vyumba vya watoto mahututi vyenye vifaa ambavyo sisi tunaviona kwenye picha. Kupoza hakukupunguza vifo na ulemavu. Waliopozwa walikufa asilimia 42, wasiopozwa asilimia 31. Watafiti wanadhani watoto wa mazingira yale huumia kwa namna tofauti, pengine taratibu, kabla hata hawajazaliwa, na ile nafasi ya masaa sita inakuwa imekwisha kupita. Mimi si mtafiti. Ila nikikumbuka mama wa 2006, uchungu juu kwa juu tangu saa tatu mpaka saa tisa, na maji ya kijani, naona wanachosema.

Kwa hiyo hatupozi. Lakini kutopoza hakumaanishi kumchoma. Joto likipanda ubongo uliojeruhiwa unaungua zaidi, na hili ndilo lililonigusa kuliko yote, kwa sababu nilikuwa nimemfunika yule mtoto nguo nne na kumsogeza kwenye hita, na hakuna aliyempima. Tunataka awe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Ni rahisi kusema. Mlimani kwetu kuna bibi.

Bibi mmoja nilimkuta wodini alfajiri, mjukuu wake alipumulishwa dakika tatu, naye amemvisha kofia mbili za sufu, sweta, mablanketi matatu, na chini ameweka chupa ya maji ya moto. Kipimajoto kikasoma 38.4. “Shikamoo bibi.” “Marahaba, mwanangu.” Nikamwambia tumpunguze nguo. Akanitazama kama nimemwomba kihamba, shamba la ukoo. “Mtoto wa huku hafi kwa joto. Anakufa kwa baridi.” Na kwa watoto wengi sana bibi ana haki, mimi mwenyewe ndivyo ninavyofundisha kliniki. Sikubishana. Nikauchukua mkono wake nikaugeuza, nikaweka mgongo wa kiganja chake kwenye kifua cha mtoto, halafu kwenye kifua cha mtoto wa kitanda cha pili. Akanyamaza. Akaanza kuvua kofia ya kwanza mwenyewe, kisha akanambia, asije akaonekana ameshindwa, kwamba ile ya pili alikuwa ameiweka kwa muda tu.

Mengine ni ya kukaa na mtoto. Sukari nampima, kwa sababu mtoto aliyekosa hewa ameshatumia akiba yake, na sukari ikishuka ubongo unaumia mara ya pili. Ikiwa chini anapata dekstrozi, maji ya sukari, ya asilimia 10 kwenye mshipa. Oksijeni nampa anayeihitaji kwa kipimo, simwachii tu mrija puani kwa ajili ya kumfurahisha baba. Asiyeweza kunyonya simlazimishi, maziwa ya mama yake yanakamuliwa. Na ninamfunua, namwangalia. Kuna karatasi ya alama iliyotoka Cape Town mwaka 1997, inaitwa Thompson, ina mambo tisa: amekaza au amelegea, yuko macho au amezubaa, ana degedege, anashikaje kidole, ananyonyaje, anapumuaje, utosi umejaa au la, mkao wake, anavyoshtuka. Haihitaji umeme. Inahitaji mtu asimame pale, arudi baada ya saa moja, asimame tena. Alama zikipanda simsubiri akakamae, napiga simu mjini na tunaanza safari na kipimajoto ndani ya blanketi.

Na ukiona anatafuna midomo, macho yamekodoka upande mmoja, anaendesha baiskeli, shika ule mguu taratibu. Mtoto anayeshtuka tu ataacha. Wa degedege utausikia unaendelea mkononi mwako. Huyo anahitaji fenobabitoni, dawa ya degedege; malaika watamsubiri.

Nisidanganye kwamba tukifanya hayo wote wanapona. Wapo waliokufa mikononi mwangu masaa manne baada ya kulia, na wapo ambao nilidhani wameshaharibika, leo wanasoma. Wala si kila mtindio wa ubongo unatokana na kukosa hewa siku ya kuzaliwa. Kuna maambukizi, kuna umanjano uliozidi, kuna yaliyotokea tumboni bila mtu kujua, ndiyo maana nakasirika nikisikia mama ananyooshewa kidole. Ninachowaambia wazazi wa watoto waliopumulishwa ni waje, hata kama mtoto ananenepa. Miezi minne shingo haijakaza, au ngumi hazifunguki, tusisubiri afike mwaka. Watu wa mazoezi ya viungo wapo hapa Moshi, hospitali ya rufaa ya KCMC wanawafundisha kabisa, na mkono wa mtoto wa miezi mitano unafundishika kuliko wa miaka minne.

Nimestaafu sasa, nafuga ng'ombe wawili. Mwezi uliopita simu ililia usiku, nikajua ni kituoni kwa sababu hakuna mwingine anayeniwaza saa hizo. Alikuwa binti mmoja niliyemfundisha, anahema.

“Shikamoo mama. Samahani kukuamsha. Nimempumulisha dakika tano, lakini amelia! Amelia kwa nguvu!”

“Marahaba. Ametoka saa ngapi?”

“Saa nane na dakika kumi.”

“Andika mkononi: saa mbili na dakika kumi asubuhi. Zamu inabadilika saa ngapi?”

“Saa moja na nusu.”

“Basi hutaondoka saa moja na nusu. Joto lake?”

Kimya. Nikasikia viatu vyake vikikimbia kwenye korido, na kwa mbali sana mtoto analia.